Moshi Ulipotoka, Maua Yakaingia

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 18, nyumba ya mkulima katika mabonde ya ndani ya Norwei haikuwa mahali pa kuchorea maua. Moto uliwashwa katikati ya sakafu juu ya mawe, na moshi ukajitafutia njia hadi kwenye tundu moja la paa. Upepo ukigoma, moshi nao uligoma kutoka. Ulikaa kwenye boriti, kwenye magogo ya ukuta, kwenye vitanda na kwenye nguo za watu, miaka nenda miaka rudi, mpaka chumba kizima kikawa cheusi na kung'aa kwa masizi. Mtu ambaye angemwita fundi kupaka kabati rangi ndani ya chumba cha namna hiyo angekuwa anatupa fedha zake motoni.

Si kwamba watu hawakupenda mapambo. Huko magharibi mwa nchi, Krismasi ilipokaribia, kuta zilisuguliwa, kisha zikachorwa kwa chaki au chokaa: misalaba, miraba, mistari ya pembepembe na vijitu vya vidole vitatu, vyeupe juu ya weusi wa masizi. Kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya wanawake. Vitambaa vilivyofumwa vilitolewa sandukuni vikatandazwa ukutani, karamu ikaliwa, halafu vikakunjwa tena. Pambo lilikuwa mgeni wa sikukuu. Lilikuja na kuondoka.

Kilichobadilisha mambo ni dohani. Jiko la pembeni lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa lilikuwa limeenea katika nyumba za mijini zamani, likawa linapanda mabonde polepole, shamba kwa shamba, katika karne ya 17 na ya 18. Mahali lilipofika, tundu la paa lilizibwa. Dari ikawekwa. Madirisha ya vioo yakakatwa ukutani, na kwa mara ya kwanza mchana uliingia chumbani bila kupitia moshi. Mwenye nyumba akajikuta anatazama mbao tupu, safi, zenye rangi ya asali, na bila shaka akaziona zimepwaya.

Hapo ndipo ilipoanza sanaa ambayo Wanorwei huiita rosemaling, yaani uchoraji wa mapambo ya maua na vikonyo kwenye makasha, makabati, vitanda, viti, bakuli za pombe na hata kuta na dari za vyumba vizima. Leo michoro hiyo imebandikwa kwenye vikombe vya watalii karibu na picha za mashujaa wenye kofia za chuma, na muuza duka hana haraka ya kumsahihisha mnunuzi anayedhani kwamba yote ni urithi wa enzi ya Waviking. Enzi hiyo ilikuwa imekwisha karibu miaka 700 kabla ya kasha la kwanza la aina hii kupakwa rangi. Rosemaling ilishika kasi katika mabonde ya mashariki katika miaka ya karibu na 1750, miaka ileile ambayo makasisi wa Norwei walikuwa wakiwahubiria waumini wao wapande mmea mpya usioaminiwa uitwao kiazi. Sanaa hii ya kale ni rika la kiazi.

Na mitindo yake haikuzaliwa bondeni. Umbo linaloonekana kuliko yote, lile jani refu linalojikunja na kujikunjua kama wimbi, ni jani la akantho, mmea wa nchi za Mediterania ambao hauoti porini popote Norwei. Wagiriki na Waroma walilichonga kwenye vichwa vya nguzo zao. Ulaya ya karne ya 17 ikalifufua katika mtindo wa baroko, na mwaka 1699 likaingia kwa kishindo katika kanisa kuu jipya la Christiania, mji ambao sasa ni Oslo, likiwa limechongwa kwenye madhabahu na mimbari kwa mkono wa Kiholanzi. Wachongaji wa mashambani waliliona, wakaliiga. Baada ya baroko ikaja rokoko ya Kifaransa na makombe yake yenye umbo la herufi C, nayo ikatwaliwa vivyo hivyo.

Kanisa ndilo lililokuwa jumba la maonyesho la watu wa mashambani. Kanisa la mbao la Uvdal, katika bonde la Numedal, lilikuwa limepambwa kwa rangi ndani tangu mwaka 1656, karibu miaka 100 kabla ya mapambo ya namna hiyo kuenea katika nyumba za wakulima. Kila Jumapili mkulima alikaa chini ya vikonyo na majani yaliyochorwa na fundi kutoka mbali, akayatazama hotuba ikiwa ndefu, akarudi nyumbani kwake. Haihitaji ndoto ya usiku kueleza wazo la kupamba nyumba lilikotoka.

Wazo peke yake, hata hivyo, halinunui rangi. Katika karne ya 17 na ya 18 wakulima wengi wa Norwei waliacha kuwa wapangaji wakawa wenye ardhi. Taji la Denmaki, lililotawala Norwei hadi mwaka 1814, liliishiwa fedha kwa vita na kuuza mashamba mengi, na mkono kwa mkono mashamba hayo yakawafikia waliokuwa wakiyalima. Mbao za misitu nazo zilikuwa na soko Uholanzi na Uingereza. Kwa hiyo palikuwa na mtu mwenye shamba lake, mwenye dohani mpya, mwenye binti wa kuoza na sarafu kiasi mfukoni. Kilichokosekana ni fundi.

Fundi alitoka mjini, kwa sababu mji ulimkataa. Katika miji ya Denmaki na Norwei kazi za ufundi zilifungwa ndani ya vyama vya mafundi: mtu alisoma kwa bwana wake, akahitimu, akasubiri nafasi, na nafasi zilikuwa chache. Wapakarangi waliojifunza kazi bila kupata kibali cha kuifanya mjini, au waliochoka kusubiri, walichukua njia ya mabondeni, ambako chama hakikuwa na mkono. Vijana wa mashambani wakawatazama wakifanya kazi, wakawashikia vyombo, wakajaribu wenyewe. Baada ya kizazi kimoja wanafunzi walikuwa wamewapita walimu, au tuseme wamekwenda njia nyingine kabisa, maana hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba jani la akantho haliwezi kuota tulipi.

Peder Aadnes, aliyezaliwa mwaka 1739 katika eneo la Land na kufariki mwaka 1792, alisimama katikati ya dunia hizo mbili. Alizaliwa shambani, akaishi shambani, lakini brashi yake iliijua rokoko ya mjini vizuri sana. Alipamba nyumba za wakulima wakubwa kwa mashada ya maua laini na mandhari, na mapadri na maofisa walimwita pia. Ukitaka kuona mahali sanaa ya mabwana ilipopakana na sanaa ya wakulima, tazama kazi zake, na huenda usiuone mpaka.

Rangi zenyewe hazikuuzwa zikiwa tayari kwenye kopo. Fundi alisafiri na mifuko ya unga wa rangi, bamba la jiwe na jiwe la kusagia. Aliposhika kazi alimimina mafuta ya kitani juu ya unga huo, akausaga kwa kuzungusha jiwe, duara baada ya duara, hadi chenga zikaisha na rangi ikawa laini kama siagi. Nyekundu na kahawia zilitokana na udongo wenye kutu ya chuma, zikawa rahisi na za kudumu. Njano ilikuwa ya udongo pia. Nyeupe ilikuwa ya risasi, sumu iliyomla fundi kidogokidogo. Nyeusi ilipatikana kwa masizi, yaleyale yaliyofukuzwa chumbani. Buluu ndiyo iliyokuwa na hadithi: mwanzoni mwa karne ya 18 mjini Berlin iligunduliwa, karibu kwa bahati, buluu ya kutengenezwa na binadamu, na bei ya rangi hiyo ikashuka hadi mkulima wa Norwei akaweza kuiota. Bila ile karakana ya Berlin, nusu ya makabati yanayosifiwa leo kwa "buluu ya asili ya Norwei" yangekuwa mekundu.

Mafuta ya kitani hukauka taratibu, na katika nchi ya baridi hukauka taratibu zaidi. Fundi hakuweza kumaliza kabati kwa siku moja akaondoka. Alipaka rangi ya chini, akangoja. Akaweka mikunjo mikubwa ya majani, akangoja. Mwisho kabisa alichukua brashi nyembamba yenye nywele ndefu, akapitisha mstari mweupe au mweusi ukingoni mwa kila jani, na mstari huo ndio ulioamua kama mchoro utasimama au utalala. Wakati wote huo alilala hapohapo shambani na kula chungu kimoja na wenyeji. Chakula na kitanda vilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira, pamoja na fedha kiasi. Kisha jirani akaja kuchungulia, akaona wivu, na fundi akahamia nyumba ya pili.

Namna hii ya kufanya kazi ndiyo iliyozalisha mitindo ya mabonde. Milima iliwatenga watu; fundi mmoja mzuri akikaa bonde moja kwa miaka 30, bonde hilo hupata sura ya mkono wake.

Telemark ilimpata Ola Hansson. Mwaka 1784 alipamba chumba katika nyumba ya Ramberg, huko Heddal, ambayo leo ni sehemu ya makumbusho ya kijiji hicho, si mbali na kanisa kubwa la mbao linalojulikana dunia nzima. Humo mikunjo haina haja ya kulingana kushoto na kulia. Inaanzia kwenye shina moja pembeni, inajinyoosha, inarudi nyuma, inapitana juu na chini, na rangi zimepakwa nyembamba kiasi cha kuonyesha za chini yake. Ni uchoraji wa mtu anayeamini mkono wake: ukikosea mkunjo mmoja wa namna hii, hakuna pacha wake upande wa pili wa kukukumbusha ulipaswa kuwaje. Baada yake Telemark ikajaa mafundi, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Thomas Luraas, aliyezaliwa Tinn mwaka 1799. Mafundi wa Telemark hawakubaki kwao tu. Wengine walivuka uwanda wa juu hadi upande wa magharibi kutafuta kazi, na mikunjo yao ikaenda nao.

Hallingdal ni jirani wa karibu kwenye ramani, lakini ni nchi nyingine kwa macho. Huko ua moja kubwa hukaa katikati, na kila kitu kinalizunguka kwa mizani: jani la kushoto lina ndugu yake kulia, nyekundu inajibiwa na buluu yenye ukijani, na rangi ni nzito, zimejaa. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo. Herbrand Sata, aliyeishi kati ya 1753 na 1830 katika parokia ya Ål, aliwafundisha wanawe, na wawili kati yao, Nils na Embrik, wakawa mafundi wakubwa kuliko wote wa bonde hilo. Msomaji wa kumbukumbu atashangaa kuwakuta wakiitwa Bæra ilhali baba yao ni Sata. Wanorwei wa mashambani wakati huo walibeba jina la shamba walilokaa; ukihama shamba, unahama na jina. Desturi hiyo imewasumbua sana watafiti, ambao wamelazimika kumfuata fundi mmoja kupitia majina mawili matatu kabla ya kugundua kwamba mkono ni uleule.

Rogaland, huko kusini-magharibi, ilipenda maua yaliyojipanga kama gwaride juu ya msingi wa rangi nzito. Valdres ilipenda mashada na mandhari. Setesdal ilichelewa, na sababu yake inaturudisha jikoni: katika bonde hilo moto wa katikati ya sakafu uliendelea kuwaka hadi ndani kabisa ya karne ya 19, na penye moshi fundi wa rangi hana kazi.

Inafaa kusema kwa mkazo kwamba hawa hawakuwa wakulima waliojipumbaza kwa brashi jioni za baridi. Picha hiyo, ya "watu wa kawaida" wasio na majina wakichora kwa silika, inapendwa sana na vitabu vya picha. Walikuwa mafundi wa kulipwa. Walishindana, waliibiana mbinu, walitia saini kazi zao pale walipojivunia, na walipandisha au kushusha ubora kulingana na mfuko wa mteja. Wengi walikuwa na kipande cha shamba kwa sababu brashi peke yake haikulisha familia mwaka mzima, na baadhi walichonga, walitengeneza makabati, au walicheza fidla katika arusi zilezile walizozipakia makasha.

Kasha ndilo lililokuwa moyo wa biashara yote. Kabati la pembeni mwa meza ya mkuu wa nyumba lilikuwa na heshima zaidi, na kitanda kilichojengwa ukutani kilimeza rangi nyingi zaidi, lakini kasha lilikuwa na mwenyewe. Msichana alikuwa na lake, la kuwekea mashuka, vitambaa na fedha za kujipambia alizokuwa akizikusanya kabla ya kuolewa. Mbele yake paliandikwa jina lake na mwaka kwa herufi zenye mikia mirefu, mara nyingi kwa ustadi unaozidi maua yenyewe. Siku ya arusi lilihama naye kwenda kwa mumewe, na njiani kila mtu aliliona. Kwa hiyo lilipakwa upande wa mbele kwa fahari, juu ya kifuniko kwa uangalifu, na mara nyingine ndani pia, pale ambapo mwenyewe tu angepaona akifungua.

Kuna mtego hapa uliowanasa wakusanyaji wengi wa vitu vya kale. Mwaka ulioandikwa kwenye kasha ni mwaka wa rangi, si wa mbao. Kasha la nyanya lilisuguliwa, likapakwa upya, likapewa jina la mjukuu na mwaka mpya. Mengine yana tabaka mbili tatu za maua, kila kizazi na yake.

Wanaume nao walikuwa na zawadi yao. Kijana aliyetaka kuposa alichonga na kupaka rangi ubao wa kunyooshea nguo, mrefu, wenye mshikio wa umbo la farasi, akampa msichana. Na kwenye karamu ilipita bakuli ya pombe ya shayiri, imepambwa nje na ndani, ukingoni ikiwa na maandishi ya utani ambayo mnywaji aliyasoma akiizungusha. Thomas Luraas na wenzake walipaka bakuli nyingi. Zilikuwa kazi ya haraka, malipo ya papo kwa papo, na leo ni kati ya vitu vinavyogombewa zaidi.

Pigo la kwanza kwa mapambo haya lilitoka shambani. Tarehe 5 Aprili 1796, mtoto wa mkulima aitwaye Hans Nielsen Hauge alikuwa akilima shamba la baba yake huko kusini-mashariki mwa Norwei alipopata mguso wa kiroho uliomgeuza mhubiri. Alizunguka nchi kwa miguu, akahubiri nyumba kwa nyumba bila ruhusa ya kasisi, jambo lililokatazwa na sheria ya mwaka 1741, na kuanzia mwaka 1804 alikaa kizuizini miaka mingi. Wafuasi wake walikuwa wachapakazi, wenye viwanda na mashine za kupasulia mbao, wenye kusoma na kuandika. Hawakuwa na muda na anasa. Katika sehemu nyingi uamsho uliotokana naye uliiona fidla kuwa chombo cha shetani, na baadhi ya fidla zilichomwa moto. Maua ya kabatini hayakuchomwa, lakini yalipoteza utetezi. Zipo nyumba ambamo yalifunikwa kwa rangi moja, kijivu au kahawia, na kwa ajabu ya mambo rangi hiyo ya toba ndiyo iliyoyalinda mpaka wataalamu wa makumbusho walipokuja kuibandua kwa visu vidogo.

Hata hivyo, si haki kumbebesha Hauge lawama zote. Soko lilibadilika. Katikati ya karne ya 19 mkulima aliyejiweza alitaka chumba kama cha mjini: karatasi za ukutani, meza ya kiwanda, mlango uliopakwa ili ufanane na mwaloni hata kama ni msonobari mtupu. Mafundi wengine waligeukia kazi hiyo ya kuigiza mbao kwa rangi. Waliobaki na maua yao walizeeka nayo. Nils Bæra aliishi hadi mwaka 1873, na Luraas hadi 1886, akiwa na umri wa miaka karibu 87. Wote wawili waliishi baada ya biashara waliyoijua ujanani kwisha.

Tena wateja walikuwa wanaondoka. Mnamo Julai 1825 jahazi dogo liitwalo Restauration lilitweka tanga kutoka Stavanger likiwa na watu 52, na Oktoba 9 likatia nanga New York likiwa na 53, mtoto akiwa amezaliwa baharini. Norwei ilikuwa na watu karibu 880,000 katika sensa ya mwaka 1801. Katika miaka 100 iliyofuata safari ya jahazi lile, zaidi ya watu 800,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Mabonde ya rosemaling, Telemark, Hallingdal, Sogn, yalikuwa kati ya yaliyotoa watu wengi.

Walihitaji kitu cha kubebea mali, na kitu hicho kilikuwa tayari. Kasha la arusi likajazwa mkate mkavu, nyama iliyokaushwa, nguo na Biblia, maana enzi za matanga abiria alijibebea chakula cha wiki nyingi. Juu ya maua, au kando yake, mtu aliandika kwa herufi za harakaharaka jina la mwenye mzigo na mahali anakokwenda, Wisconsin, Iowa, Minnesota. Makasha mengi yalifika, yakafunguliwa, yakageuzwa mapipa ya nafaka kwenye maghala.

Huko nyumbani, walioanza kuyaona kuwa hazina walikuwa watu wa mjini. Daktari wa meno wa Lillehammer, Anders Sandvig, kuanzia mwaka 1887 alikuwa akitembelea wagonjwa wake katika bonde la Gudbrandsdal, akaona majengo na vyombo vya kale vikiuzwa kwa wachuuzi, akaanza kuvinunua yeye. Alikusanya vijiko, makabati, halafu nyumba nzima nzima, na kutokana na mkusanyiko wake ikazaliwa Maihaugen, makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1904. Hans Aall alikuwa ameanzisha Norsk Folkemuseum mjini Christiania mwaka 1894. Hii ilikuwa miaka ambayo Norwei, ikiwa bado chini ya mfalme wa Uswidi, ilitafuta ushahidi kwamba ni taifa lenye kitu chake. Kabati lililojaa majani ya Kigiriki, makombe ya Kifaransa na buluu ya Kijerumani likatolewa kama ushahidi, na likakubaliwa.

Mwaka 1925, uhamiaji ulipotimiza miaka 100, makumbusho ya Norwei yalituma zawadi ya vitu vya kale kwa Wanorwei wa Amerika, Sandvig akiwa msimamizi. Vikafika Decorah, mji mdogo wa Iowa, kwenye mkusanyiko ulioanza mwaka 1877 na ambao leo ni makumbusho ya Vesterheim. Vilitumwa kuwa kumbukumbu ya sanaa iliyokufa. Hakuna aliyejua kwamba maili 150 hivi upande wa mashariki alikuwepo mtu anayeijua kwa mkono.

Per Lysne alizaliwa Lærdal, katika Sogn, mwaka 1880, mtoto wa mpakarangi. Alihamia Amerika mwaka 1907 na kuajiriwa Stoughton, Wisconsin, katika kiwanda cha magari ya farasi cha Mandt. Kazi yake ilikuwa kupitisha mistari na mapambo kwenye ubavu wa magari hayo. Kisha motokaa ikaja ikamfukuza farasi barabarani, na kiwanda kikadhoofu. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipobana baada ya mwaka 1929, Lysne akarudia alichofundishwa na baba yake: alipaka maua kwenye makasha ya zamani ya wahamiaji, kwenye viti, kwenye kuta, na zaidi ya yote kwenye sahani kubwa za mbao zenye maneno ya Kinorwei ukingoni. Sahani ziliuzika kwa kasi. Si wanunuzi wote walikuwa na damu ya Norwei. Wengi walitaka tu kitu cha rangi ukutani katika miaka ambayo rangi ilikuwa adimu.

Lysne alifariki mwaka 1947. Jirani yake, Ethel Kvalheim, alikuwa amejifunza kwa kumtazama akifanya kazi, akaendelea peke yake hadi jina lake likawa kubwa, na mwaka 1989 akapewa heshima ya juu ya taifa la Marekani kwa wasanii wa jadi. Hapo kuna mabadiliko ambayo Herbrand Sata asingeyatambua. Katika orodha za mafundi wa Norwei wa karne ya 18 na 19, majina ni ya wanaume karibu yote, kwa sababu kazi ilidai kutembea bonde hadi bonde na kulala kwa watu. Amerika iliiweka kazi hiyo juu ya meza ya jikoni, ikatoka mikononi mwa mwanamume msafiri ikaingia mikononi mwa mama mwenye nyumba.

Mwaka 1967 Vesterheim ilimwalika mchoraji kijana kutoka Norwei, Sigmund Aarseth, aje kufundisha, na mwaka huohuo ikaanzisha mashindano ya kila mwaka yenye majaji, riboni, na medali ya dhahabu kwa aliyekusanya pointi za kutosha. Baada yake walikuja wengine, akiwemo Nils Ellingsgard wa Hallingdal, mchoraji na mtafiti aliyetumia maisha yake kutambua mikono ya mafundi wa zamani kabati kwa kabati. Wanafunzi walijaa. Walikuja na madaftari, wakapima pembe za mikunjo, wakauliza Telemark inaruhusu nini na inakataza nini.

Masomo hutangazwa hadi leo kwa majina ya mabonde, na mtu wa Minnesota ambaye hajawahi kuona Hallingdal anaweza kukaa miaka kumi akiifuata Hallingdal bila kuchanganya jani moja la Telemark. Anaifuata kwa uaminifu kuliko Nils Bæra, ambaye angelichukua jani hilo mara moja kama mteja angelitaka na bei ingekuwa nzuri.